Kuchagua Lenzi ya Kila Siku kwa Bei Nafuu, na Kuikagua Kabla ya Kulipa

Mpwa wangu alinijia na kamera ya Sony a6400 aliyoinunua ikiwa imetumika, pamoja na lenzi ya milimita 50 ambayo kila aliyemwomba ushauri alimtajia. Yeye hupiga picha za shughuli ndogo za majumbani hapa Tanga: arubaini, kuvishana pete, watoto kuhitimu madrasa. Picha za uso wa mtu mmoja zilimtoka vizuri sana. Ilipofika zamu ya wazazi na watoto kuketi pamoja kwenye sofa, alirudi nyuma mpaka mgongo ukagota ukutani, na bado mtoto wa pembeni alikatwa bega. Lenzi haikuwa na kasoro yoyote. Haikuwa lenzi ya vyumba vile. Hatua ninazoziandika hapa ni zile nilizompitisha, na zimesimama juu ya jambo moja ninaloliamini kwa dhati: lenzi ya kila siku huchaguliwa kwa kupima mahali unapofanyia kazi na mwanga uliopo, kabla ya kuangalia sifa za lenzi yenyewe.

Hatua ya 1: Hakikisha maunti

Maunti ni ile pete ya chuma ambapo lenzi hufungwa kwenye kamera, na kila kampuni ina yake. Wenye Sony wana kazi nyepesi, kwa kuwa lenzi zilizoandikwa E na FE zote huingia kwenye kamera moja. Wenye Canon wawe waangalifu, kwani kampuni hiyo imekuwa na maunti mbili tofauti za kamera zisizo na kioo cha ndani (mirrorless): EF-M, iliyo kwenye kamera kama M50, na RF, iliyo kwenye R50 na R10. Lenzi ya EF-M haiwezi kutumika kwenye kamera ya RF hata kwa adapta (pete ya kuunganishia). Lenzi za zamani za EF, ambazo Canon ilianza kuzitengeneza mwaka 1987 kwa kamera zenye kioo, huingia kote kuwili kwa adapta na fokasi yake hufanya kazi, jambo linaloifanya EF 50mm f/1.8 STM iliyotumika kuwa ununuzi mzuri kwa mtu wa Canon. Kwa Nikon, adapta ya FTZ, inayofunga lenzi za zamani kwenye kamera za Z zisizo na kioo, haina mota ndani yake. Kwa hiyo lenzi ya 50mm f/1.8D, isiyo na mota yake, itakulazimu ufokasi kwa mkono, ilhali ile ya AF-S 50mm f/1.8G itafokasi yenyewe.

Hatua ya 2: Pima chumba kwa futi

Wengi hufundisha kuzidisha milimita za lenzi kwa 1.5 au 1.6 ili kupata kinachoitwa ulinganifu na fremu kamili, yaani kamera za sensa kubwa (sensa ndiyo kipande cha ndani kinachonasa picha). Mimi nimeacha kufundisha hivyo, kwa sababu mtu ambaye hajawahi kushika kamera ya fremu kamili hapati chochote anapoambiwa kwamba 30 ni sawa na 45. Afadhali hesabu hii: chukua umbali kati yako na watu, zidisha kwa upana wa sensa, kisha gawa kwa milimita za lenzi. Jibu ni upana wa eneo litakaloonekana kwenye picha. Upana wa sensa ni milimita 23.5 kwa Sony, Nikon na Fujifilm za sensa ya APS-C, 22.3 kwa Canon za APS-C, 17.3 kwa kamera za Micro Four Thirds za Panasonic na Olympus, na 36 kwa fremu kamili.

Tulikwenda sebuleni na futi ya fundi seremala. Kutoka ukutani hadi magotini mwa walioketi kwenye sofa palikuwa na mita 3 kamili. Kwa lenzi ya milimita 50, mara 3 kwa 23.5 gawa kwa 50, eneo ni mita 1.41. Sofa ile ya watu watatu ilikuwa na upana wa mita 2, kwa hiyo tatizo lilikuwa wazi kabla hata ya kuwasha kamera. Kwa lenzi ya milimita 30 eneo ni mita 2.35, na sofa inaingia ikiwa na nafasi kidogo pembeni. Kwa milimita 18 ni mita 3.9, yaani sofa pamoja na shangazi waliosimama pande zote mbili.

Fanya hesabu hiyo kwa vyumba vitatu au vinne unavyovifahamu. Kisha fungua picha zako za miezi iliyopita kwenye kompyuta na utazame milimita zilizotumika, maana kila picha huhifadhi taarifa hiyo. Programu ya digiKam ni ya bure na huonyesha vizuri. Iwapo una lenzi iliyokuja na kamera, ile ya 16-50 au 15-45, usiiuze kwanza. Ndiyo mwalimu wako wa bei rahisi kuliko wote. Ukiona picha zako nyingi zimejikusanya kati ya 25 na 35, umeshajua unachokihitaji.

Hatua ya 3: Mwanga

Namba ya f ikiwa ndogo, tundu la lenzi ni kubwa na mwanga mwingi hupita. Lenzi nyingi zinazouzwa pamoja na kamera huishia f/5.6 au f/6.3 zinapovutwa. Tofauti kati ya f/5.6 na f/2.8 ni mwanga mara 4. Kati ya f/5.6 na f/1.4 ni mara 16. Chukua sebule yenye taa moja usiku, ambapo kamera iliyowekwa ISO 3200 (kipimo cha wepesi wake wa kuhisi mwanga) inakudai spidi ya 1/30 ya sekunde kwa f/5.6: mtoto akigeuza shingo tu, uso wake unafutika. Kwa f/1.4 spidi hupanda hadi karibu 1/500, na hapo unaweza hata kushusha ISO ukapata picha safi zaidi.

Kizuia mtikisiko hakisaidii hapo. Kinatuliza mikono yako wewe, hakimtulizi mtoto. Kwa watu wanaojongea nisingeshuka chini ya 1/125, lenzi iwe na kizuia mtikisiko au isiwe nacho.

Hatua ya 4: Lenzi ninazozipendekeza

Kwa anayetaka moja tu na bajeti ni ndogo, ninasimama na Sigma 30mm f/1.4 DC DN, iliyotoka mwaka 2016 na kuuzwa Marekani kwa dola 339. Ikiwa imetumika hushuka zaidi, na ipo kwa maunti kadhaa. Ndiyo tuliyomchagulia mpwa wangu. Kwa Canon ya EF-M, lenzi ya 22mm f/2 ni nyembamba, nyepesi na ya bei ya chini. Kwa Micro Four Thirds ni Panasonic 25mm f/1.7. Mwenye Nikon atafute Z DX 24mm f/1.7.

Mwenye uwezo wa kuongeza kidogo, nampendekezea Sigma 18-50mm f/2.8 DC DN ya mwaka 2021, ambayo bei yake ya kuanzia Marekani ilikuwa dola 549. Ina uzito usiofika gramu 300, inashika f/2.8 kutoka mwanzo hadi mwisho wa zumu, na kwenye milimita 18 hufokasi kitu kilicho sentimita 12.1 kutoka kwenye sensa, kiasi kwamba mchoro wa hina kwenye kidole cha bibi harusi hujaa fremu nzima. Angalia tu kivuli cha lenzi kisimwangukie mkononi. Tangu mwaka 2024 inapatikana pia kwa Canon RF. Tamron 17-70mm f/2.8 ni lenzi bora na ina kizuia mtikisiko, lakini kwa gramu 525 na bei ya kuanzia ya dola 799 imeshatoka kwenye mizani ya lenzi nafuu ya kubeba kila siku.

Lenzi za kufokasi kwa mkono zinazouzwa kwa bei ya chini sana sizipendekezi kwa mtu anayelipwa kupiga picha za shughuli, hata namba yake ikiwa f/1.2. Bibi harusi haingii ukumbini mara mbili.

Hatua ya 5: Kukagua lenzi iliyotumika

Hapa ndipo nilipopoteza muda na fedha nyingi kuliko popote, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Anza na fangasi. Mwambao wetu, kutoka Mombasa hadi Mtwara na visiwani, una unyevu mwingi karibu mwaka mzima, na lenzi iliyofungiwa kwenye begi kabatini kwa miezi kadhaa huota fangasi ndani ya vioo. Ingia mahali penye giza, ondoa vifuniko vyote viwili, shika tochi nyuma ya lenzi na uielekeze kwa mshazari, usiielekeze moja kwa moja kwenye jicho lako. Zungusha lenzi taratibu. Tumia tochi ndogo ya mkononi yenye mwanga mkali wa duara, kwa sababu taa ya simu husambaa na kuficha yale unayoyatafuta. Vumbi huonekana kama vidoa vilivyotawanyika, na halina madhara. Hata lenzi mpya huwa nalo kidogo. Fangasi huonekana kama nyuzi za buibui au vijizizi vinavyotambaa kutoka ukingoni kuelekea katikati. Ukungu wa mvuke (haze), ambao si fangasi, hauna nyuzi, bali kioo kizima huwa kama kilichopumuliwa. Lenzi yoyote kati ya hizo mbili za mwisho iache, hata muuzaji akipunguza bei nusu, kwani kuifungua na kuisafisha hugharimu, na fangasi ikishaula utando wa kioo, alama haitoki. Mimi niliwahi kununua lenzi ya namna hiyo kwa muuzaji aliyenihakikishia kwamba ni vumbi tu, na picha zote nilizopiga zikitazama dirisha zilitoka zimepauka.

Mkwaruzo mdogo kwenye kioo cha mbele usikutishe. Mkwaruzo wa kioo cha nyuma ndio wa kuogopa.

Ifunge kwenye kamera yako mwenyewe, ukiwa na kadi yako ya kumbukumbu. Fokasi kitu cha karibu, kisha cha mbali, mara kumi, ukisikiliza: mota ikisita au kukwaruza, rudisha. Lenzi ya zumu inayojifungua kwa umeme iwashe na kuizima mara kumi vilevile.

Kisha pima pembe. Lenzi iliyowahi kuanguka huweza kuwa na kioo kilichohama mahali pake kidogo, na dalili yake ni upande mmoja wa picha kukosa ukali. Bandika kurasa tano za gazeti ukutani, moja katikati na nne kwenye pembe za fremu, weka kamera kwenye tripodi, namba ya f ndogo kabisa, kipima muda cha sekunde 2, fokasi katikati, piga. Pembe zote nne zikififia kwa kiasi sawa, hiyo ni kawaida kwa tundu lililo wazi. Funga hadi f/5.6 na zitakaa sawa. Pembe moja ikififia peke yake ndipo penye shaka.

Lakini shaka hiyo isikufanye ugombane na muuzaji mara moja. Mimi nilirudisha lenzi mbili za watu, na ya tatu nikaihangaikia usiku hadi karibu na alfajiri, pembe ya kulia chini haitaki kukaa sawa, kabla ya kugundua kwamba kamera yangu ndiyo iliyokuwa imeinama. Kwa f/1.4 na umbali wa mita moja na nusu, mwinamo usioonekana kwa macho unatosha kuharibu kipimo chote. Tangu hapo nafanya hivi: nabandika kioo kidogo cha kujitazamia, kikiwa bapa kabisa, katikati ya ukurasa wa kati, nawasha mistari ya gridi kwenye kamera, kisha naisogeza tripodi mpaka nione taswira ya lenzi yangu ikiwa katikati kamili ya fremu. Hapo kamera inatazama ukuta sawasawa. Naondoa kioo bila kugusa tripodi, napiga. Baada ya hapo naigeuza kamera juu chini, naipanga tena kwa kioo, napiga mara ya pili. Ikiwa ukurasa uleule wa gazeti ndio unaofifia mara zote mbili, kosa ni la ukuta au la mpangilio wangu. Ikiwa sasa umefifia ule wa pembe iliyo mkabala, kosa limesafiri pamoja na lenzi, na hiyo lenzi ni mbovu.

Kwa kuwa hakuna duka litakaloruhusu kurasa za gazeti ukutani kwake, omba siku mbili za majaribio, na makubaliano yaandikwe kwenye risiti pamoja na namba ya lenzi. Anayekataa kuandika, usimnunulie.

Hatua ya 6: Kuihifadhi

Nunua chombo cha plastiki chenye mfuniko unaobana, mfano wa vile vya kuhifadhia chakula, kipima unyevu kidogo, na vidonge vya silika vinavyonyonya unyevu. Unyevu ukae kati ya asilimia 40 na 50. Mchele usiutumie, unaacha unga kwenye lenzi. Chagua silika inayobadilika rangi, ya machungwa badala ya ile ya buluu, kwa sababu ya buluu kwa kawaida huwa na kobalti, ambayo ni sumu na haifai kupashwa moto karibu na chakula. Rangi ikishageuka, ipashe kwenye sufuria isiyopikiwa, moto mdogo, mpaka irudi kama ilivyokuwa, iache ipoe ikiwa imefunikwa, ndipo uirudishe kwenye chombo.