Kuvundika na kukausha kahawa nyumbani, vihamba (mashamba ya nyumbani) vya juu Kilimanjaro

Hatua ya 1. Chuma buni nyekundu tu, na uzimenye siku hiyohiyo. Kwanza zimwage ndani ya maji. Zinazoelea ni pepe au zimetobolewa na ruhuka, mdudu anayetoboa buni. Ziopoe uzikaushe kando.

Hatua ya 2. Jaribu mashine ya kumenyea kwa konzi chache. Punje zikitoka zimekatika, nafasi ya kumenyea ni finyu mno. Maganda mengi yakipita pamoja na punje, ni pana mno. Rekebisha kabla ya kuendelea, maana punje iliyojeruhiwa huvunda vibaya na uvundo wake hufika hadi kikombeni.

Hatua ya 3. Vundika kwenye ndoo ya plastiki au tangi la saruji. Chuma chenye kutu hutia madoa. Chuja maji, funika, na usimwage kahawa ya leo juu ya ya jana, kwani hazitaiva pamoja.

Hapa ndipo wengi hukosea, kwa kufuata saa za watu wa tambarare. Kwenye joto, saa 24 zinaweza kutosha. Huku juu baridi hupunguza kasi ya vijidudu vinavyoyeyusha ulenda (utelezi unaofunika punje), kwa hiyo kazi huchukua saa 36 hadi 48, pengine 72. Amini mkono. Osha konzi moja na uisugue: ikikwaruza kama changarawe, imeiva; ikiteleza, bado. Au chomeka kijiti katikati ya rundo ukichomoe. Tundu likibaki wazi, osha mara moja. Ukichelewa, uchachu hugeuka harufu ya siki.

Hatua ya 4. Osha mpaka maji yatoke meupe. Maji machafu yaelekeze kwenye shimo, kamwe yasirudi mferejini: walio chini yako wanayategemea. Maganda yaoze vizuri, kisha yapeleke kwenye migomba.

Hatua ya 5. Anika kwenye kichanja cha wavu, unene wa sentimita 2 hadi 3. Geuza mara kwa mara. Funika jua la saa sita likiwa kali, kwa sababu ganda hupasuka, na funika tena jioni kabla ya umande. Tarajia siku 10 hadi 14, zaidi ukungu ukitanda. Lengo ni unyevu wa asilimia 10.5 hadi 12. Kama huna kipimo, menya punje uiume: ikibonyea, rudisha kichanjani. Ikikauka, hifadhi kwenye magunia juu ya mbao, mbali na mafuta ya taa na mbolea. Kahawa hunyonya harufu.