Jinsi ya kulielewa daraja la Brooklyn: anza chini, barabara iache ya mwisho

Wengi wakiliangalia daraja la Brooklyn pale New York macho yanakimbilia barabarani, na hapo ndo wanapotea. Ukitaka kulielewa kweli lifuate kwa mpangilio ule ule liliojengwa.

Kwanza msingi. Upo chini ya maji, huuoni, lakini kazi ngumu kuliko zote ilikuwa huko. 1870 walianza na kesoni, yaani boksi kubwa mno la mbao limelazwa kifudifudi mtoni, chini liko wazi, wanasukuma hewa ya presha ndani ili maji yasiingie, vibarua wanachimba humo humo huku juu yao mawe ya mnara (iko miwili, mmoja kila upande wa mto, ndo inainua kebo juu) yanazidi kupangwa, kwa hiyo uzito wa mnara wenyewe ndo unalizamisha boksi. Upande wa Brooklyn walishuka mita 13 na kitu, ng'ambo upande wa Manhattan karibu 24. Shida ilikuwa kutoka. Ukitoka kwenye presha ile haraka hewa inageuka mapovu kwenye damu, viungo vinauma vibaya sana na wengine walikufa. Injinia mkuu Washington Roebling ugonjwa huo ulimlaza, mkewe Emily akawa ndo anapeleka maelekezo saiti miaka iliyobaki. Upande wa Manhattan Roebling aliamua wasimame kwenye mchanga ulioshikamana bila kuufikia mwamba, na kwangu mimi huo ndo uamuzi mzito kuliko yote, maana kuendelea kuchimba kungeua watu zaidi.

Halafu nenda kwenye ncha mbili, tafuta nanga, yale majengo mazito ya mawe yanayoshika mikia ya kebo, yaani zile kamba nene za waya zinazobeba barabara. Mvuto wote unaishia hapo. Mnara kazi yake ni kukandamizwa tu kwenda chini, na juu yake kebo imekaa kwenye tandiko lenye rola ili ikisogea isiusukume mnara pembeni.

Sasa kebo. Ziko 4, kila moja ina waya 5,434 za chuma cha feleji kilichopakwa zinki kisishike kutu, na hazikusokotwa, zimelazwa sambamba, gurudumu lilikuwa linaenda na kurudi juu ya mto likivuta waya. 1878 ikagundulika msambazaji anapitisha waya mbovu na nyingine zilishaingia kwenye kebo, kuzitoa haiwezekani, ila Roebling alishapiga hesabu ya nguvu mara 6 ya inayohitajika, hivyo wakaongeza kama waya 150 kila kebo, basi.

Mwisho barabara, mita 486 kati ya mnara na mnara, ikafunguliwa 24 Mei 1883. Hapa angalia vizuri: karibu na minara kuna nyaya za wima na za mshazari zinakatana kama wavu, za mshazari zinapunguza kuyumba upepo ukivuma, lakini ukifika katikati kabisa za mshazari zimeisha na kebo inabeba peke yake.