Jinsi ya Kupata Gharama za Kesi kutoka kwa Mali ya Mtalaka Wako

Mahakama Kuu ya Nakuru au ya Kisumu ikiamuru mtalaka wako akulipe gharama za kesi, amri hiyo kwa kawaida haitaji kiasi, na bila kiasi hakuna dalali wa mahakama atakayegusa mali. Wakili wako, au wewe mwenyewe, huandaa bili ya gharama na kuiwasilisha kwa naibu msajili wa mahakama, ambaye hupitia kila kipengele, hukata kilichozidi, kisha hutoa cheti cha jumla unayodai. Asiyeridhika na tathmini ana siku 14 za kuandika pingamizi.

Mwandikie kwanza mtalaka wako barua ya madai. Mkiwa na watoto, malipo ya awamu yaliyorekodiwa mahakamani ni bora kuliko mnada, kwa sababu mtazidi kukutana penye shughuli zao.

Akikaidi, nenda ofisi ya ardhi ukafanye upekuzi wa shamba lake. Sajili ya shamba ina sehemu tatu: ya kwanza huelezea kipande chenyewe, ya pili humtaja mwenye ardhi, ya tatu huonyesha mizigo iliyo juu yake. Usiishie kwenye jina. Rehani ya benki ikiwa imeandikwa katika sehemu ya tatu, benki hulipwa kabla yako, na huenda mnada usikuachie chochote. Ardhi ikiwa bado kwa majina yenu wawili, iombe mahakama iamue kwanza fungu la kila mmoja, kwa mujibu wa kifungu cha 17 cha Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013.

Baada ya hapo omba amri ya kuzuia uhamisho wa ardhi, na uisajili ofisi ya ardhi siku hiyo hiyo ukiweza. Narudia jambo hili kwa kila anayeniuliza: amri iliyo kwenye faili ya mahakama tu haimzuii mnunuzi aliyekuta sajili safi, na shamba lake laweza kuuzwa ilhali karatasi yako iko mkobani.

Kwa mali inayohamishika, dalali wa mahakama huorodhesha vitu na kumpa mdaiwa siku 7. Kwa ardhi ni siku 45. Nguo, matandiko, vyombo vya kupikia na zana za kazi za fundi havikamatwi. Mke au mume mpya akidai kuwa mali ni yake, anaweza kuweka pingamizi, na ni mahakama itakayoamua, si dalali. Fedha zilizo benki zina njia yake, ambapo benki huamriwa ikulipe moja kwa moja.

Ukichelewa zaidi ya mwaka 1, mdaiwa lazima aitwe kwanza aeleze kwa nini asitekelezewe amri. Ikipita miaka 12, haki ya kutekeleza amri imekwisha. Akikamilisha malipo, hakikisha amri ya kuzuia uhamisho inaondolewa kwenye sajili ya ardhi, ili shamba lisibaki limefungwa kwa deni lililolipwa.