Bakuli la maji kabla ya kuagiza chupa

Kama biashara yako inalipa ada chini ya sheria za uwajibikaji wa mzalishaji (zinazomtaka anayeuza bidhaa agharamie taka za vifungashio vyake), usiridhike na muuzaji akisema chupa yake "inarejelezeka". Omba sampuli, kata vipande vidogo vya chupa ya PET (plastiki ya chupa nyingi za maji na soda), kifuniko na lebo, vitie kwenye maji yenye tone la sabuni (bila sabuni viputo vya hewa vitakudanganya), kisha koroga. PET ina takriban gramu 1.38 kwa kila sentimita ya ujazo, kwa hiyo inazama. PP na PE, plastiki za vifuniko vingi, ziko chini ya 1, zinaelea. Viwandani nako chupa husagwa na kutenganishwa majini namna hiyo hiyo. Kifuniko kikielea, sawa. Lebo ya plastiki ikizama na chupa, tafuta nyingine, hasa kama ni PVC, aina nyingine ya plastiki: kiasi kidogo tu huharibu rangi na ubora wa PET inapoyeyushwa. Pima na uzito pia, maana ada nyingi hukokotolewa kwa kilo na aina ya malighafi, na baadhi ya nchi huongeza kwa kifungashio kigumu kurejeleza.

Jaribio hili halisaidii kwa pakiti laini za tabaka nyingi. Tabaka zilizobandikwa pamoja haziachani majini, hivyo dai maelezo ya malighafi kwa maandishi. Wala haligusi suala la rangi. Plastiki iliyotiwa weusi wa kaboni hufyonza mwanga wa infraredi (usioonekana kwa macho), na mashine nyingi za kuchambua taka, zinazotegemea mwanga huo, haziioni kabisa, hata ikielea vizuri.