Kabla hamjacheza chora nikisie Krismasi hii: mambo ya kuandaa

Ndugu wakishapanda kutoka Dar, Arusha na Mwanza, na ndafu ikishaliwa, hubaki jioni ndefu ya baridi ambayo watu wanatafuta cha kufanya. Hapo ndipo mchezo wa kuchora kwa jozi unapofaa. Nimeuandaa nyumbani Kibosho, chini ya Mlima Kilimanjaro, miaka kadhaa sasa, na nimeona unavyoweza kuchangamsha nyumba nzima, na unavyoweza kumuumiza mtu. Soma hadi mwisho kabla hujaita watu sebuleni.

Namna ya kucheza ni rahisi. Watu wanakaa wawili wawili. Mmoja anapewa neno kwa siri, analichora, na mwenzake anakisia ndani ya dakika moja. Anayechora haruhusiwi kusema, kuandika herufi wala namba, wala kuonyesha kwa mikono. Mwenzake akipatia, jozi inapata alama moja. Zamu ikirudi kwao wanabadilishana: aliyekisia ndiye anayechora.

Karatasi ziwe kubwa. Usinunue chochote kama una kalenda za mwaka unaoisha. Mgongo wake ni mweupe na aliyekaa nyuma anaona. Maka peni ziwe nne, ujaribu kila moja dukani kabla ya kulipa. Saa ya simu inatosha, lakini simu iwe mkononi mwa mtu asiyecheza. Taa ya kuchaji ijazwe tangu mchana, maana umeme ukikatika katikati ya zamu ni ugomvi mtupu. Mkiwa idadi isiyogawanyika kwa mbili, anayebaki ndiye mwamuzi, na neno lake ni la mwisho.

Jozi zipangwe kwa kura. Mke na mume wasiwe pamoja, hata wakiomba. Ama wanaelewana kwa kope tu na wengine wanalalamika, ama wanaanza kutupiana maneno mbele ya wakwe. Changanya mkubwa na mdogo, wa mjini na wa kijijini, halafu wape zamu moja ya mazoezi isiyohesabiwa. Usiiruke hiyo zamu. Mwaka mmoja neno lilikuwa Mlima Kilimanjaro. Kijana aliyezaliwa Dar akachora pembetatu moja yenye ncha. Mwenzake, mtoto wa hapa hapa Kibosho, akataja hema, paa, piramidi, muda ukaisha. Alipoambiwa jibu alikasirika kweli. Yeye anaamka akiuona mlima huo kila kukicha: Kibo bapa juu, na Mawenzi pembeni kulia, imechongoka kama meno yaliyovunjika. Hiyo pembetatu kwake haikuwa mlima wowote anaoujua.

Maneno uyaandae mwenyewe, kwa Kiswahili. Mchezo maarufu wa dukani wa aina hii, Pictionary, ulianza kuuzwa mwaka 1985 huko Seattle, Marekani. Aliyeubuni, Robert Angel, alikuwa mhudumu wa mgahawa, na maneno aliyachagua kwa kupitia kamusi ya Kiingereza. La kwanza kulichagua lilikuwa jina la muhanga, yule mnyama anayekula mchwa. Basi kadi zake ni za Kiingereza na za maisha ya huko. Mkizitumia Kibosho, nusu ya watu watakuwa wanafanya mtihani. Andika kinu, mtori, kukamua ng'ombe, bodaboda, harusi, foleni, kuhesabu hela. Vitu na vitendo vichanganyike, vyepesi viwe vingi kuliko vigumu. Kisha pitia orodha yako ukiwakumbuka watakaokuwepo. Kama kuna aliyefiwa mwaka huo, toa jeneza na kaburi. Kama kuna anayesubiri mtoto miaka mingi, toa mimba. Na iwe marufuku kumchora mtu aliyemo ndani ya nyumba.

Sasa kuna jambo ambalo sikuambiwa na mtu, na ndilo linalonifanya niandike haya.

Mwaka wa kwanza nilikata karatasi za kaunta buku vipande vidogo, nikaandika neno kwenye kila kimoja, nikavikunja na kuvitia kwenye bakuli. Kila anayechora anachukua kimoja, anasoma kimoyomoyo, anaanza. Nilijiona nimeandaa vizuri. Ilipofika zamu ya mama mkubwa, alichukua kikaratasi, akakikunjua taratibu, akakisogeza mbali na macho, akakirudisha karibu. Tukadhani ni miwani. Mmoja wa vijana akasema kwa sauti, "Bibi, umekishika kichwa chini." Watu wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya, walicheka kama watu wanavyocheka jioni wakiwa wameshiba.

Mwenzake alikuwa binti yetu wa miaka kumi na mmoja. Akamwambia, "Bibi, wewe chora tu." Mama mkubwa akachora duara moja, pole pole, akasimama hapo, maka peni ikiwa bado imegusa karatasi, wino ukisambaa pale ilipogusa. Mwenye saa akapaza sauti: sekunde kumi! Akachukua kifuniko, akaifunika ile maka peni vizuri, akailaza mezani. "Ngoja nikaangalie sufuria jikoni," akasema. Jikoni hakukuwa na sufuria yoyote motoni. Nilijua, kwa sababu nilikuwa nimeziosha zote mimi. Hakurudi hadi tulipomaliza.

Mama mkubwa hakupelekwa shule. Alibaki kulea wadogo zake. Nalijua hilo tangu utotoni. Ni yeye aliyenibeba mgongoni. Lakini siku ile, nikikata vikaratasi vyangu, halikunijia kichwani hata kidogo. Asubuhi nilimfuata kwenye migomba nikamwomba radhi. Akaendelea kukata majani ya ng'ombe, kisha akasema, "Mimi niliambiwa ni mchezo wa kuchora. Hamkusema kuna kusoma."

Na ni kweli. Hakuna sehemu yoyote ya mchezo huu inayohitaji mtu asome. Kikaratasi nilikileta mimi.

Kwa hiyo fanya hivi. Chagua mtu mmoja wa kunong'oneza, mwamuzi anafaa. Orodha ya maneno anakaa nayo yeye peke yake. Anayechora anamfuata nje ya mlango, ananong'onezewa neno, anaruhusiwa kuuliza maana yake, kisha wanaingia na saa inaanza. Iwe kwa kila mtu, mtoto, mwalimu, mzee, bila kumbagua yeyote. Ukiwanong'onezea wazee peke yao umewatangaza upya. Na usieleze sababu. Sema ndivyo mchezo unavyochezwa hapa nyumbani, basi. Faida nyingine utaiona: asiye na miwani anacheza, na kizee asiyesikia vizuri anaambiwa nje kwa utulivu mpaka aelewe.

Mwaka uliofuata ilibidi nimwombe mara tatu ndipo akakaa. Neno alilopewa lilikuwa mvua. Wote tungechora mawingu na vistari. Yeye alichora mtu mwembamba ameinama kidogo, ameshika jani zima la mgomba juu ya kichwa. Hakuweka hata tone moja la maji. Yule binti akapiga kelele "Mvua!" kabla jani halijaisha kuchorwa.

Mengine ni ya haraka. Asiyetaka kucheza asilazimishwe, wala asiulizwe kwa nini mbele ya watu. Alama ziandikwe na mtu mmoja. Kubishana na mwamuzi kuwe na adhabu inayojulikana tangu mwanzo, kama kuosha vyombo. Zamu tano kwa kila jozi zinatosha. Mkizidisha watoto wanasinzia na wakubwa wanaanza kuhesabu makosa ya miaka iliyopita. Mbege isikae karibu na karatasi. Jiko la mkaa lisiletwe ndani ya chumba kilichofungwa eti kuna baridi; vaeni masweta. Njia ya kwenda mlangoni iwe wazi, maana watu wanainuka kwa kishindo wakipatia. Anayeendesha gari kushuka mjini usiku asinywe, na wanaosafiri alfajiri wafunge mabegi yao kwanza. Na mkimaliza, hesabu maka peni zote pamoja na vifuniko vyake, uziweke juu ya kabati kabla watoto hawajaamka.