Namba ya Karavani Haikwambii Urefu Wake: Hatua za Kuujua Kabla ya Kuiagiza hadi Mombasa

Karavani (tela lenye vyumba vya kulala, linalovutwa na gari) ya Kimarekani iliyoandikwa 26 ubavuni aghalabu hukaribia futi 29 au 30, ukipima toka ncha ya mkono wa kuvutia hadi kitu cha mwisho kilichochomoza nyuma. Futi hizo tatu au nne ndizo zinazomtoa mtu jasho Kilindini akiletewa hesabu ya meli. Zikimkosa hapo zitamngoja Nyali, kwenye ua ambao geti lake halifungiki. Namba huwekwa na kiwanda ili kutofautisha mpangilio mmoja wa vyumba na mwingine, na hakuna sheria inayokilazimisha ilingane na urefu. Fuata hatua hizi kabla hujatuma hata shilingi.

1. Jua namba inatoka wapi

Kwa Wamarekani, tarakimu mbili za mwanzo kwa kawaida hukaribia urefu wa bodi kwa futi, na zinazofuata hutenganisha mipangilio. Herufi za mwisho zaeleza chumba: BH ina vitanda vya ghorofa, RL ina sebule nyuma, RK jiko nyuma, RB bafu nyuma. Kwa hiyo 264BH yakwambia bodi ni kama futi 26 na watoto wana vitanda vyao. Mkono wa mbele haumo. Airstream ni kundi la peke yake: 25FB yao ni karibu futi 26 kwa jumla, mkono ukiwamo. Ukiizoea Airstream kisha ukahamia aina nyingine kwa hesabu ile ile, utapotea.

Wajerumani kama Hobby na Fendt hutumia tarakimu tatu zinazokaribia sentimita za nafasi ya ndani. Hobby 495 haina mita 4.95, kwa jumla yapita mita 7. Hapa tofauti ni zaidi ya mita mbili, kubwa kuliko ya Wamarekani, na ndiyo inayonasa wengi kwa sababu mnunuzi huona sentimita akadhani zimeshampa jibu.

Waingereza nao mara nyingi huhesabu watu. Sprite Alpine 4 hulaza wanne, Major 6 hulaza sita. Usitafute urefu humo.

2. Ongeza vilivyoachwa

Mkono wa kuvutia, unaobeba mitungi ya gesi, betri na jeki, huchukua sentimita 90 hadi 120. Gurudumu la spea lililofungwa kwenye bampa ya nyuma huongeza 20 hadi 30. Ngazi na kibebea baiskeli pia vihesabu, hata vikiwa vya kufungua, maana meli huvipima vilivyo siku hiyo. Vyumba vya kusukuma nje ubavuni haviongezi urefu, ila vikifunguliwa vyataka upana wa ziada, na ua mwingi wa Mombasa hauna upana huo.

3. Geuza futi na inchi kwa uangalifu

Futi moja ni mita 0.3048, inchi moja ni sentimita 2.54. Kosa linalorudiwa ni kusoma futi 29 na inchi 11 kama 29.11. Ukizidisha 29.11 kwa 0.3048 wapata mita 8.87. Njia sahihi: 29 × 0.3048 = 8.84, kisha 11 × 0.0254 = 0.28, jumla mita 9.12. Umepoteza robo mita kwa nukta moja tu.

4. Mtake muuzaji vitu vitatu

Kwanza, urefu wa jumla kwa maandishi. Vitabu vya Waingereza hutoa urefu wa aina tatu: wa ndani, wa bodi, na wa kusafirishia. Chukua huo wa tatu.

Pili, picha za futi kamba ikiwa imenyooshwa, ncha zote mbili zikionekana.

Tatu, namba ya chasisi yenye herufi na tarakimu 17. Kwa matela ya Marekani, nafasi ya 4 hadi ya 8 hubeba aina ya tela, urefu na idadi ya ekseli, ila kuzifungua wahitaji jedwali la kiwanda chenyewe. Nafasi ya 10 ni mwaka wa modeli: L ni 2020, M ni 2021, N ni 2022. Mwaka una uzito kwa sababu kiwanda chaweza kubakiza jina na namba ilhali kimebadilisha bodi. Ukisoma kitabu cha 2022 huku wanunua ya 2020, vipimo si vya karavani yako. Kibandiko cha uzito na magurudumu kilichobandikwa nje, upande wa kushoto karibu na mbele, kitakupa kilo na saizi za matairi. Urefu usiutarajie hapo.

5. Ipime mwenyewe, au mtume fundi

Utahitaji futi kamba ya chuma ya mita 10 au zaidi (ya kitambaa huvutika), pimamaji, chaki, na timazi. Nati nzito kwenye uzi yatosha.

Iweke karavani kwenye sakafu tambarare, ukaze kabari magurudumuni. Zungusha jeki ya mbele mpaka pimamaji ionyeshe sakafu ya ndani iko sawa. Mkono ukiwa umeinama, kipimo hudanganya. Teremsha timazi kutoka ncha ya mbele kabisa, tia alama ya chaki. Fanya vivyo hivyo kwenye kitu cha mwisho nyuma.

Ekseli zitakuzuia kupitisha futi kamba katikati. Kila alama ihamishie pembeni kwa mstari mraba: pima sentimita 60 upande mmoja, 80 upande wa pili, na mshazari ukitoka 100 kamili, kona yako iko sawa. Kisha pima kati ya alama mbili za pembeni. Rudia mara ya pili. Vipimo vikipishana zaidi ya sentimita 2, anza upya.

Kabla hujakunja futi kamba, chukua na umbali kutoka katikati ya ekseli (zikiwa mbili, katikati yake) hadi mwisho wa nyuma, na uwazi kati ya mkia na ardhi. Wengi huviacha, nami naviona muhimu kuliko rangi na vifaa vyote vya ndani.

6. Piga hesabu ya meli

Mlango wa kontena la kawaida una upana wa karibu mita 2.34. Karavani nyingi za Kimarekani ni mita 2.44 au 2.59, basi huja kwa meli ya roro, ambayo magari na matela huingizwa kwa magurudumu yao, na ambapo nauli kwa kawaida huhesabiwa kwa mita za ujazo: urefu × upana × kimo, kiyoyozi cha juu kikiwamo. Chukua ile ya mita 9.12, upana 2.44, kimo 3.35: ni mita za ujazo 74.5. Ukiwa umetumia futi 26 za ubavuni, yaani mita 7.92, ungepata 64.7. Hizo karibu 10 zilizobaki utadaiwa.

7. Pima njia, si maegesho tu

Urefu wa gari na karavani kwa pamoja: pima kutoka pua ya gari hadi katikati ya tufe la kuvutia, kisha kutoka katikati ya kikombe cha karavani kinacholikalia tufe hilo hadi mwisho wa karavani. Ukijumlisha urefu kamili wa kila kimoja, ndoano utaihesabu mara mbili.

Mkia mrefu hufagia nje unapokata kona, kwa hiyo nguzo ya geti hugongwa na nyuma wakati macho yako yako mbele. Kwa mwinuko, gawanya uwazi wa mkia kwa umbali wake toka ekseli: 0.45 kwa 3.2 ni 0.14, yaani mteremko unaozidi sentimita 14 kwa kila mita utaukwaruza. Ukienda Diani, hesabu hii ifanye kabla ya Likoni. Wakati wa bamvua maji yakipwa, feri huwa chini sana na mwinuko wa kutokea huwa mkali. Subiri maji yajae, au pitia barabara ya Dongo Kundu toka Miritini, usikanyage feri kabisa.