SOMO: Mfumo unaganda? Anzia kwenye kwiri (ombi linalotumwa kwenye hifadhidata) kabla hujanunua seva

Wakuu, msimu wa zabibu ukiingia hapa Dodoma meseji ni zile zile: "ripoti ya ghala inazunguka tu." Naandika mara moja, atakayeuliza tena namtumia hapa. Mifano ni ya PostgreSQL, programu ya hifadhidata.

1. Mjue mchawi. Kwenye mipangilio ya PostgreSQL weka log_min_duration_statement = 500 (ni milisekunde), kila kwiri inayozidi nusu sekunde itaingia kwenye logi, yaani faili la kumbukumbu.

2. Tanguliza EXPLAIN ANALYZE mbele ya kwiri hiyo, ikuonyeshe inapita njia gani na inachukua muda gani. Ukikuta Seq Scan (kusoma jedwali lote) kwenye jedwali kubwa, na majibu ni mistari michache, chimba hapo. Angalizo: inaiendesha kwiri kweli. DELETE itafuta! Zungushia BEGIN (anza muamala) na ROLLBACK (tengua yote).

3. Weka indeksi, orodha iliyopangwa kama faharasa ya kitabu. Hapa tulieni, pamenitoa jasho. CREATE INDEX ya kawaida inazuia uandishi kwenye jedwali mpaka imalize. Kusoma kunaendelea, kwa hiyo ukichungulia unaona mambo shwari. Niliiendesha mchana: karani anabofya "Hifadhi", kimya, huku Fuso zinapanga foleni kwenye mizani. Tumia CREATE INDEX CONCURRENTLY. Inachelewa zaidi, ila watu wanaendelea na kazi. Haikubali kukaa ndani ya BEGIN. Ikikwama njiani inaacha indeksi yenye alama INVALID, ambayo haiharakishi chochote na bado inaelemea uandishi. Ifute, anza upya.

4. Pima tena.

MASWALI

– Mkuu nimefanya yote, bado. Msaada.
– Yote yapi? Leta matokeo ya hatua ya 2, kwa maandishi. Picha ya skrini iliyopigwa na simu siisomi.

– Samahani kaka, indeksi ya tarehe ninayo lakini haiguswi. Naandika WHERE DATE(tarehe) = '2024-08-15'.
– Umeuliza vizuri, dada. Indeksi imepanga tarehe yenyewe, wewe unaiuliza kilichotoka kwenye DATE(). Andika tarehe >= '2024-08-15' AND tarehe < '2024-08-16'.

– Nimebadilisha, kwenye laptop bado Seq Scan.
– Mistari mingapi?
– Kama mia mbili.
– Basi iko sahihi, jedwali dogo ni nafuu kulisoma lote. Jaribu kwenye nakala ya data halisi, ila futa kwanza namba za simu za wakulima.

– Mimi ukurasa wa 1 unafunguka chap, wa 900 unalala.
– Hiyo OFFSET (amri ya kuruka mistari), inasoma yote ya nyuma na kuyatupa. Shika id ya mwisho ya ukurasa uliotangulia: WHERE id > hiyo ORDER BY id LIMIT 50.